Bahari Haikungoja Amina

Ukienda kutengenezewa saa kwa Fundi Saa, usimuulize ni saa ngapi. Kibanda chake kimebanwa kati ya duka la vioo na duka la kudurufu karatasi, na ndani yake kuna saa kila mahali: za mkononi, za ukutani, na moja yenye ndege wa plastiki aliyetoka kulia siku moja akagoma kurudi ndani. Kila saa ina wakati wake.

"Hizo ni za wateja," husema, kioo cha kukuzia kikiwa kimemganda jichoni. "Mimi mwenyewe na wakati hatujuani. Waulize wenzangu wa ufukweni."

Kisha hucheka kabla hujacheka wewe. Amekwisha kujifunza kwamba mtu akiwahi kujicheka mwenyewe, wenzake hubakiwa na makombo tu. Kisa cha ufukweni hukisimulia bila kuombwa, mteja akiwa amesimama na saa yake iliyokufa mkononi, na kila akikisimulia yeye ndiye huwa mjinga wa hadithi.

Kisa chenyewe kinaanzia kwa dada yake.

Dada yake mkubwa alikuwa mfagiaji wa zahanati. Wazazi wao walipotangulia, ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemshika sikio akampeleka kwa fundi wa saa wa zamani na kumwambia, "Huyu zege hataliweza, lakini vidole anavyo. Mfundishe." Alipostaafu, watu walidhani atakaa barazani anyooshe miguu. Akakaa kidogo, miguu ikamuwasha, akanunua reki akaenda kufagia bahari.

"Dada," Fundi Saa alimtania, "zahanati umeimaliza, sasa bahari. Ukiimaliza nayo utahamia mawinguni?"

"Mawinguni nitapelekwa, mdogo wangu. Huku naenda kwa miguu yangu."

Alijiunga na kikundi cha kujitolea kinachosafisha ufukwe kila Jumamosi asubuhi. Kiongozi wao alikuwa mkunga mstaafu aliyevaa filimbi shingoni, na kwa sababu hiyo wakamwita Mama Filimbi. Mtoto akichelewa kutoka alikuwa akimkaripia tumboni humohumo, na chupa za plastiki alizikaripia vivyo hivyo. Mkono wake wa kulia alikuwa Kinyozi, mwenye saluni ya mtaani, mtu ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake.

Kikundi hicho hakikugusa takataka hata moja kabla ya sala. Walikuwa watu wa dini mbalimbali. Wengine walifumba macho, wengine walifunua viganja, na dada yake Fundi Saa, aliyekuwa mkubwa kwao kwa umri, ndiye aliyefungua. Sala yake ilikuwa ni ileile siku zote: "Mungu, bahari ni yako, uchafu ni wetu. Amina." Kabla mwangwi wa Amina haujafa, reki yake ilikuwa tayari mchangani.

Jambo hilo lilimkera sana Fundi Saa. Yeye ni mzee wa kanisa, na sala zake zilikuwa na sifa mtaa mzima. Zilianzia uumbaji wa ulimwengu, zikapitia kwa manabii, zikateremka polepole hadi kwa wagonjwa, wasafiri na wanafunzi wenye mitihani. Akina mama walizijia na mashuka ya kufunika watoto waliolala. Kichwa kilikuwa kimemvimba, yeye mwenyewe anakiri, na laiti kingekuwa na mpini angekibeba mkononi watu wakione vizuri.

"Dada," alimuuliza siku moja, "ile ni sala au ni hodi?"

"Ni hodi," dada akajibu huku akimenya viazi. "Nikikaribishwa ndani, mengine tutaongea tumekaa."

Kulikuwa na kitu kimoja kilichomnyima dada huyo usingizi. Nyuma ya kiwanda cha barafu kuna mwamba mrefu ambao kwa kawaida hauonekani. Hujitokeza wakati wa bamvua tu, yale maji ya mwezi mpya na mwezi mpevu yanayorudi nyuma kabisa kana kwamba bahari imesahau kitu nyumbani. Kwenye mwamba huo ulikuwa umenasa wavu mkubwa wa nailoni, uliotupwa au kukatika kutoka chombo gani, hakuna aliyejua. Kila bamvua walikuta humo samaki waliooza, kaa, na safari moja kasa mdogo aliyekufa akiwa amejisokota kwenye matundu.

"Wavu huu hauna mvuvi, na bado unavua," dada alisema siku hiyo aliporudi nyumbani. "Sitatulia mpaka utoke."

Alianza kuukata kwa kisu cha jikoni, kipande kwa kipande. Mahali alipofikia alifunga kitambaa cha buluu alichokichana kwenye sare yake ya zahanati, ili bamvua ijayo aanzie hapo. Bamvua iliyofuata haikumkuta. Alianguka uani akianua nguo, na walipomfikisha kwenye zahanati aliyoifagia maisha yake yote, alikuwa amekwisha kwenda zake.

Makaburini walimwomba Fundi Saa afunge kwa sala. Nani mwingine? Akafungua vizuri tu. Aliumba mbingu, akaumba nchi, akafika kwa wagonjwa na wasafiri. Lakini alipofika pa kusema Amina ulimi ukamgomea, kama yule ndege wa plastiki. Akarudi kwa wasafiri. Akaenda tena hadi mlangoni, akageuka tena. Mwishowe mchungaji akamshika bega na kumsemea Amina kama mtu anayemsaidia mlevi kuvuka barabara.

Tangu siku ile kila sala aliyoianza haikuwa na mwisho. Nyumbani kwake ilikuwa shida. Alisimama mezani, akafumba macho, akaanza, na mvuke ukapanda, ukapungua, ukaisha.

"Baba Pacha," mkewe alisema safari moja, "hii chai sasa ni ya kunawia."

Pacha wenyewe, mabinti wawili wa kidato cha pili, walijifunza kula kimya kimya huku wamefumba macho. Baba yao alipofumbua alikuta sahani mbili tupu na nyuso mbili zenye uchaji wa Mungu usio wa kawaida.

Siku za msiba zilipopita, Mama Filimbi alikuja nyumbani na mfuko. Ndani yake kulikuwa na gambuti za marehemu, glavu zake ndefu na ile reki.

"Tumevileta," alisema. "Tulikuwa tunajiuliza, tuvirudishe, au vina mwenyewe?"

Fundi Saa hakuwa amewahi kuokota hata kizibo ufukweni. Lakini alizitazama zile gambuti, zimesimama mlangoni kana kwamba mtu ametoka ndani yake sasa hivi, akasikia mdomo wake ukisema, "Vina mwenyewe. Na ule wavu nitautoa mimi."

Mkewe akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili. "Wewe? Ukibeba ndoo ya maji unaomba viti viwili vya kupumzikia."

Gambuti zenyewe hazikumkaa. Dada yake alikuwa na mguu wa kusimamia, yeye ana mguu wa kukaa kitako. Ilibidi azijaze magazeti ya zamani, na alipotembea zilitoa sauti kama bata wawili wanaogombana.

Mama Filimbi alifanya mipango yake. Mikono haikutosha kuung'oa wavu ule, kwa hiyo alimbembeleza dereva wa lori la taka la mjini aje na kamba nene, aufunge wavu kwenye lori na kuuvuta. Jumamosi ya bamvua ikafika. Lori lilichelewa, na lilipofika maji yalikuwa yamerudi nyuma hadi mwisho wake. Mwamba ulikuwa wazi, mweusi, unang'aa. Reki, magunia na ndala za watu zilikuwa zimepangwa mchangani.

"Sasa," Mama Filimbi alisema, "pa dada yetu hapawezi kubaki wazi. Fundi, tufungulie. Kwa ufupi."

Fundi Saa anaapa kwamba hakulisikia lile neno la mwisho.

Alifumba macho na kuanza. Akatenga nuru na giza. Akaumba samaki kwa makundi yao, wenye magamba na wasio na magamba. Akapita kwa manabii bila kumruka hata mmoja. Akaombea wagonjwa, wasafiri, mitihani ya pacha, kiwanda cha barafu pamoja na mashine zake, dereva, lori, na magurudumu ya lori, la mbele kulia na la mbele kushoto. Kila alipokaribia jina la dada yake alikata kona. Kila alipoiona Amina kwa mbali alikumbuka mgonjwa mwingine.

Na nani angemkatiza? Mfiwa yuko katika sala! Kinyozi alikohoa mpaka kifua kikamuuma kweli. Dereva alisema "Amina" kwa sauti kubwa, mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili kwa matumaini. Mama Filimbi alikuwa ametia filimbi mdomoni, lakini pumzi ilikosa ujasiri wa kutoka.

Katikati ya hayo Fundi Saa alihisi ubaridi mtamu ukimpanda kutoka nyayoni, ukapita vifundoni, ukaelekea magotini. Akasisimka. Akafikiri ni upako. Akapandisha sauti.

"Ndala zangu!" Kinyozi akapiga ukelele.

Fundi Saa akafumbua macho. Bahari ilikuwa imerudi. Ndala zilikuwa zinakwenda zao pamoja na magunia, yale matupu yakiwa yamevimba kama matumbo ya matajiri, na watu wazima walikuwa wakikimbizana na reki majini. Mwamba ulikuwa umebaki na kichogo tu. Magazeti ndani ya gambuti yalikuwa yamegeuka uji.

Siku ile kikundi cha kusafisha ufukwe kiliuacha na uchafu zaidi ya ule kilioukuta.

Dereva alikunja kamba yake taratibu. "Mzee wangu," alisema, "pole kwa msiba. Lakini mimi nina mitaa inaningoja, na yenyewe haifumbi macho." Akawasha lori akaenda.

Wiki ile jina la Fundi Saa lilipumzishwa, akaitwa Maji Kujaa. Wateja waliingia kibandani wakiwa wamepandisha suruali hadi magotini. Mwenye duka la vioo alimuuliza kama anauza na maboya. Yeye alicheka nao wote, akacheka kuliko wao, na walipoondoka alikaa akikaza skrubu ileile iliyokuwa imekazika tayari.

Nyumbani mkewe alianza kumcheka tangu mlangoni, akamsaidia kuvua gambuti huku machozi ya kicheko yakimtoka.

"Hebu niambie, ulikuwa unaomba nini muda wote huo?"

"Nilikuwa natafuta pa kutokea."

"Si unasema Amina, unatoka?"

Fundi Saa alitazama uji wa magazeti ukichuruzika sakafuni. "Nikisema Amina," alisema, "ndiyo basi. Ndiyo ameshaondoka."

Mkewe akachukua tambara akaanza kupangusa sakafu, na alipofika kwenye miguu yake, akaipangusa nayo.

Bamvua nyingine ilipokaribia, Mama Filimbi alimbembeleza dereva tena. Dereva akakubali kwa sharti moja, na Kinyozi ndiye aliyetumwa kulipeleka kibandani. Alisimama mbele ya saa zote zile akijikuna.

"Kaka Fundi, dereva anakuja. Ila amesema... yaani, unaelewa. Ukisali, yeye anageuza lori."

"Basi asali mwingine."

"Nani? Mimi najua kusema Amina tu. Na Mama Filimbi anasema hatuanzi bila sala, na pale ni pa dada. Anasema kama ni wewe, iwe wewe, lakini tukipoteza maji ya safari hii, dereva harudi tena, na wavu utabaki palepale mpaka kiama."

Fundi Saa hakulala vizuri. Kutokwenda kulikuwa rahisi. Angejifanya mafua. Lakini zile gambuti zilikuwa mlangoni, zimemwelekea yeye. Asubuhi akazijaza magazeti mapya, akatia mfukoni kibano na bisibisi yake ndogo kabisa, maana alitaka kuonekana mtu aliyejiandaa, akaenda.

"Fundi," Kinyozi alisema alipoziona zana hizo, "unakwenda kukata wavu au kumtoa kaa mboni ya jicho?"

Walisimama duara. Dereva alibaki ndani ya lori, injini inaunguruma, mlango wazi, mguu mmoja nje, kama mtu asiye na hakika na nyumba aliyoingia. Maji yalikuwa yamefika mwisho wa kurudi. Mama Filimbi alimtazama tu Fundi Saa kwa jicho lile la kuwatazama wanawake wakati wa kusukuma ukifika.

Kinyozi, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye uzoefu, aligeuza ndoo juu chini akakaa, akaziweka ndala zake mapajani, kisha akafumba macho.

"Ee Mungu," Fundi Saa akaanza, "uliyetenga nuru na giza..."

Injini ya lori ikapandisha mlio.

Safari hii hakuwa amefumba macho, aliogopa upako. Kwa hiyo aliuona mwamba wote, na juu yake wavu umejikunyata kama mnyama anayejifanya amelala. Kwenye ukingo wake, mahali ulipokuwa umekatwa na kuachwa, kitambaa cha buluu kilikuwa kinapepea. Kilikuwa kimepauka na kuota majani ya bahari, lakini fundo lake alilijua. Ndilo ambalo dada alikuwa akimfungia begi lake la shule.

Akasahau alikuwa amefika wapi katika uumbaji. Nyuma ya mwamba, maji yalikuwa yameanza kuulamba mchanga.

"Mungu," alisema, "bahari ni yako, uchafu ni wetu."

Ulimi ukamganda mlangoni. Akakitazama kile kitambaa cha buluu, akavuta pumzi.

"Amina."

Hakuna aliyeitikia. Watu walibaki wamefumba macho na kufunua viganja, wakisubiri manabii. Kinyozi alikuwa amejiegemeza kwenye gunia, anapumua kama aliyekwisha kusinzia.

"Jamani," Fundi Saa alisema, "nimemaliza."

"Umemaliza nini?" Kinyozi akauliza bila kufumbua.

Hapo filimbi ikalia, kali, na watu wakaruka.

Walifunga kamba pale penye kitambaa, maana ndipo wavu ulipokuwa umelegea. Wengine walikwangua kombe za chaza zilizokuwa zimeushikiza wavu mwambani, wengine walikata kwa visu. Bisibisi ya Fundi Saa ilipinda kwenye kombe ya kwanza. Kibano kilikwenda na maji. Mwishowe alifanya kazi pekee iliyomfaa, ya kuvuta nyuma ya watu wenye nguvu huku akipiga kelele kuliko wote. Lori likanguruma, magurudumu yakachimba, la mbele kulia na la mbele kushoto, na wavu ukaanza kuja. Ulikuja na mchanga, chupa, ndala za miguu isiyofanana, usukani wa baiskeli ya mtoto, na kaa mmoja mkubwa aliyeonekana kukasirika sana kuhamishwa. Ulipoachia mwamba, wote waliokuwa wakivuta walianguka chali, na Fundi Saa, aliyekuwa wa mwisho, akawa godoro lao.

Alipoinuka alikuwa na gambuti moja.

Nyingine ilikuwa imezama kwenye tope karibu na mwamba, na maji yalikuwa yanakuja mbio. Fundi Saa aliitazama ikijaa, akasema kwa sauti ya mtu mwenye imani, "Basi, iacheni. Acha ibaki naye."

"Ibaki na nani?" Mama Filimbi akafoka. "Tumekuja kutoa uchafu hapa, wewe unaongeza! Dada yako angekukata masikio. Kaitoe!"

Akarudi majini mbio, bata mmoja akiwa analia na mwingine hayupo. Aliingia hadi kiunoni, akapiga magoti, akaikumbatia gambuti kwa mikono miwili na kuvuta, wimbi likimpiga usoni, na ufukwe mzima ukimhesabia "vuta! vuta!" kama leba. Alipotoka nayo, imejaa tope hadi shingoni, Mama Filimbi aliipokea kwa mikono miwili.

"Kinyozi, tazama," alisema. "Ya kike."

Dereva aliteremka kwenye lori kumpa mkono Fundi Saa. "Mzee wangu, ile ya leo," alisema, "hata mimi nimeielewa." Wavu ulikwenda zake juu ya lori, na kile kitambaa cha buluu kikaenda nao. Fundi Saa alifikiria kukifungua abaki nacho. Lakini lile fundo hajawahi kuliweza tangu utotoni.

Nyumbani mkewe alikuwa ameandaa chai nzito ya maziwa. Pacha walikaa, wakafumba macho, na kila mmoja akanyoosha mkono polepole kuelekea kwenye mkate, kama kawaida yao. Baba yao alisimama, ananuka chumvi na tope.

"Mungu, chakula ni chako, njaa ni yetu. Amina."

Mikono miwili ikaganda hewani. Mmoja wa pacha akafumbua jicho moja.

"Baba, ndiyo imeisha?"

"Ile ni hodi," Fundi Saa akasema, akavuta kiti. "Mengine tutaongea mbele."

Akainua kikombe na kupiga funda kubwa, kwa mazoea ya mtu ambaye kwa muda mrefu hajanywa chai ya moto. Ikamuunguza ulimi, mdomo na koo. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, na mkewe alipomuuliza kulikoni, akasema ni chai.